Chura, namba nane, bonge: sifa ao tusi?

Huku kwetu chura ni mnyama wa majini tu. Ku Tanzania, vijana waliligeuza neno hilo kuwa jina la makalio makubwa ya mwanamke. Mwaka 2016 serikali ya huko ilifungia wimbo «Chura» wa Snura, kwa sababu ya maadili.

«Namba nane» ni kiuno chembamba, juu na chini pamejaa, sawa vile 8 inaandikwa. Hiyo wengi wanaipokea kama sifa. «Bonge» ni mtu mnene, lakini «bonge la nyumba» ni nyumba ya kusifiwa. Njo maana dada akiitwa bonge anaweza kukosa kujua kama amesifiwa ao amechekwa.

Shida kubwa iko ku «umenenepa». Mama mzee akisema vile anafurahi: unakula, hauna ugonjwa. Kwake neno la kuogopesha ni «umekonda», tangu SIDA ilipoingia. Binti yake, mbele ya kioo, anasikia kinyume.

Ku redio tunasomaga salamu za namna hiyo. Siku hizi tunamuuliza kwanza aliyetuma: yeye mwenyewe dada anapenda kuitwa vile?