Mseto si muungano

Magazeti yetu huandika "mseto" kila vyama viwili vinaposhikana mikono. Tunachanganya mambo. Nchini Israeli, mwaka 1992, vyama viwili vya Wayahudi washika dini, Agudat Yisrael na Degel HaTorah, viliweka orodha moja ya wagombea kwa jina la Yahadut HaTorah. Marabi wao walikuwa wamefarakana, lakini kiwango cha chini cha kura za kuingia bungeni, Knesset, kilikuwa kimepandishwa hadi asilimia 1.5, na chama kisichokifikia hakipati kiti hata kimoja. Pamoja wakapata viti 4 kati ya 120. Huo ni muungano: vyama husimama pamoja mbele ya mpigakura, naye anajua anachokichagua.

Mseto huja baadaye, kura zikishahesabiwa na hakuna aliyefikisha viti 61. Desemba 2022, Yahadut HaTorah yenye viti 7 iliingia katika serikali ya mseto ya Benjamin Netanyahu. Neno limetoka jikoni, mchele na choroko katika chungu kimoja, na hapo linafaa hasa. Wahariri, andikeni muungano kabla ya kura, mseto baada yake.