Audie Murphy, Askari Aliyekuwa Mchezaji wa Sinema

Katika picha za sinema zilizoenea ulimwenguni miaka ya 1940 na 1950, ni chache zilizopendwa na vijana kama picha za wachunga ng'ombe wa Marekani. Hata mtu asiyejua neno moja la Kiingereza hufahamu habari yake upesi: kuna jangwa, kuna farasi, kuna mtu mwema na mtu mbaya, na mwishoni bastola hulia. Aliyepigwa huanguka mavumbini. Kisha kazi ya siku ile hukoma, na yule aliyeanguka huinuka, hujikung'uta, akaenda kunywa kahawa pamoja na yule aliyemwua. Huo ndio mchezo wenyewe. Lakini miongoni mwa wachezaji hao alikuwako mmoja aliyepata kuona watu walioanguka wasiinuke tena, na wengine katika hao aliwaangusha kwa mkono wake mwenyewe. Jina lake Audie Murphy. Nataka kueleza habari zake, maana maisha yake yalikuwa na mambo ambayo picha zake hazikuyaonyesha.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1925 karibu na kijiji cha Kingston, katika jimbo la Texas, mtoto wa saba katika watoto 12. Wazazi wake hawakuwa na shamba lao. Walilima pamba katika ardhi ya mtu mwingine, na wakati wa mavuno mwenye ardhi alitwaa fungu lake. Watu wa hali hiyo walikuwa wengi sana Texas siku zile, weupe kwa weusi, na wengi wao deni la mwaka huu liliwangojea mwaka ujao. Baba yake alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Mwisho alikwenda asirudi. Audie akaacha shule alipofika darasa la tano, akaenda kuchuma pamba kwa ujira wa dola 1 kwa siku. Jioni alichukua bunduki akaingia porini kutafuta sungura na kindi, ili wadogo zake wapate kitoweo. Risasi ni mali kwa mtu maskini, basi ilimpasa kujifunza kutokosa. Hivyo shabaha yake, ambayo baadaye ilitangazwa katika magazeti mengi, hakufundishwa na jeshi. Alifundishwa na njaa.

Mwezi wa Mei 1941 mama yake, Josie, akafa. Audie hajatimiza miaka 16. Wadogo zake watatu walio wachanga kuliko wote wakapelekwa katika nyumba ya yatima. Jambo hili lilimchoma moyo kuliko umaskini wenyewe, wala hakulisahau, kama tutakavyoona.

Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, Audie alitaka kuwa askari mara moja. Umri ulikuwa bado, na mwili wake ulikuwa mdogo: urefu wake futi 5 na inchi 5, na uzito wake ratli 112 tu. Askari wa majini walimkataa. Kisha dada yake mkubwa, Corrine, akatia sahihi hati ya kiapo kwamba kijana huyu ametimiza miaka 18. Haikuwa kweli. Jeshi la nchi kavu likampokea Juni 1942. Siku moja katika mazoezi alizimia kwa jua, na mkubwa wake akaona afadhali apelekwe kusomea upishi. Alikataa kabisa, akaendelea na bunduki.

Februari 1943 alifika Moroko, na Julai akashuka pamoja na kombania yake katika kisiwa cha Sicily. Kutoka hapo walipigana Italia, nao waliteseka sana mahali paitwapo Anzio mwanzo wa mwaka 1944. Homa ya malaria, tunayoijua sisi vizuri, ilimlaza hospitali zaidi ya mara moja. Agosti 1944 wakashuka Ufaransa upande wa kusini. Siku ile ya kushuka, rafiki yake mkubwa, Lattie Tipton, aliona Wajerumani wakionyesha dalili ya kusalimu amri. Akasimama ili awapokee, nao wakampiga risasi akafa pale pale. Audie akaishika bunduki ya bombom ya adui na kuwaua watu wa ngome ile mmoja mmoja, akiendelea kupanda kilima peke yake. Kwa tendo hilo alipewa nishani kubwa. Baadaye, alipoandika kitabu cha habari zake, alikiweka kiwe ukumbusho wa Tipton na wa rafiki mwingine aliyekufa Italia.

Lililomfanya ajulikane zaidi lilitokea tarehe 26 Januari 1945 karibu na kijiji cha Holtzwihr, mashariki ya Ufaransa, theluji ikiwa imefunika nchi yote. Wakati huo alikuwa amekwisha kupandishwa cheo kuwa luteni, na kombania nzima ilikuwa mkononi mwake, ingawa waliobaki walikuwa wachache. Vifaru 6 vya Wajerumani vikatoka, na nyuma yake askari wengi wa miguu. Aliwaamuru watu wake warudi msituni, yeye akabaki na simu yake akiongoza mizinga ya Wamarekani ipige wapi. Hapo karibu palikuwa na gari la vita lililokwisha kupigwa, linawaka moto, na ndani yake mafuta na baruti, ambayo wakati wo wote yangeweza kulipuka. Audie akapanda juu yake, akaishika bunduki kubwa iliyokuwa pale, akapiga kwa muda wa saa nzima, adui wakimjia pande tatu. Mguu wake ulijeruhiwa. Hati ya serikali yasema kuwa aliua au kujeruhi adui wapatao 50. Risasi zilipokwisha alishuka, akawaendea watu wake, akakataa kutibiwa, akawaongoza warudi kupigana hata adui akarudi nyuma. Juni 1945, karibu na mji wa Salzburg, alivikwa nishani ambayo ndiyo kuu kuliko zote za Marekani. Alikuwa bado hajatimiza miaka 20.

Sitaki msomaji adhani ninaeleza haya kwa kufurahia damu. Yafaa yajulikane, maana yaliyofuata hayafahamiki bila haya.

Julai 1945 gazeti kubwa liitwalo Life lilitia picha ya uso wake mbele, kijana mwenye tabasamu na madoadoa usoni, kama mvulana wa shule. Mchezaji maarufu James Cagney aliiona, akamwita Hollywood. Kwa muda mrefu hakupata kazi ya maana. Fedha zikamwishia, akalala katika nyumba ya mazoezi ya viungo kwa ruhusa ya mwenyewe. Hata hivyo fedha alizopata baada ya vita hakuzila peke yake: alinunua nyumba katika mji wa Farmersville, akamkalisha Corrine na mumewe humo, ili wale wadogo waliokuwa katika nyumba ya yatima wapate makao ya ndugu zao. Nami nikipima matendo yake yote, hili naliweka karibu sana na lile la Holtzwihr, ingawa halikuletea nishani.

Picha yake ya kwanza ilitoka mwaka 1948, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake, To Hell and Back, alichoandika kwa msaada wa rafiki yake David McClure. Mwaka 1950 kampuni ya Universal ikampa mkataba, ikamfanya mchunga ng'ombe. Kwa kuwa alijua farasi na bunduki tangu utoto, na sura yake ilikuwa ya upole, watu walimpenda. Alicheza picha zaidi ya 40, na zilizo nyingi ni za namna hiyo: The Kid from Texas, Destry, No Name on the Bullet, na nyingine nyingi ambazo hata yeye mwenyewe alizifanyia mzaha, akisema kwamba uso ni ule ule na maneno ni yale yale, ila farasi tu ndiye hubadilishwa.

Mbili zafaa kutajwa zaidi. Ya kwanza ni The Red Badge of Courage, iliyoongozwa na John Huston na kutoka mwaka 1951. Ni habari ya kijana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambaye katika vita vyake vya kwanza anashikwa na hofu akakimbia. Huston alimchagua askari mwenye nishani nyingi kuliko karibu wote ili acheze mwoga! Wenye kampuni hawakupenda uchaguzi huo, wala hawakuipenda picha ilipokwisha, wakaikata ikabaki dakika 69 tu. Lakini wanaojua kazi hizi husema kuwa hapo ndipo Murphy alipocheza vizuri sana, na mimi sioni ajabu. Mtu asiyepata kuogopa hawezi kuionyesha hofu, na Murphy hakuwahi kujisifu kwamba hakuogopa.

Ya pili ni Walk the Proud Land ya mwaka 1956. Humo alikuwa John Clum, mtu wa kweli aliyesimamia makao ya Waapache huko San Carlos, Arizona, miaka ya 1870, akawaamini wajilinde kwa polisi wao wenyewe. Katika picha nyingi za wachunga ng'ombe wenyeji wa nchi ile huonyeshwa kama wanyama wakali, hutokea kilimani, hupiga kelele, huuawa kumi kumi, wala hatujui majina yao. Picha hii ilijaribu kuwaonyesha kuwa watu. Basi haikuleta fedha kama ile iliyotangulia, yaani picha ya kitabu chake mwenyewe.

Ile ilitoka mwaka 1955, na Murphy alitakiwa acheze Murphy. Mwanzoni alikataa, akataja mwingine afanye kazi hiyo. Mwisho akakubali, akasimama tena juu ya gari la vita, akapiga tena bunduki, na wenzake wakafa tena mbele ya macho yake, ila safari hii theluji haikuwako. Watu wakajaa katika majumba ya sinema. Kwa kampuni ya Universal haikutokea picha iliyoleta fedha nyingi kuliko hiyo kwa miaka 20, mpaka Jaws ya mwaka 1975.

Sasa nieleze lisiloonekana katika picha. Tangu arudi kutoka vitani Murphy hakuwa na usingizi. Akilala, huona ndoto za vita, akashtuka kwa kelele. Bastola yenye risasi ilikaa karibu na kichwa chake usiku. Mke wake wa kwanza, mchezaji Wanda Hendrix, aliishi naye tangu 1949. Ndoa ikavunjika mwaka 1951. Mwaka ule ule alimwoa Pamela Archer, wakapata watoto wawili wa kiume. Alicheza kamari kwa fedha nyingi, hasa katika mashindano ya farasi, na yaliyoingia kwa mkono mmoja yalitoka kwa mwingine. Madaktari walimpa dawa ya usingizi, nayo ikamfunga kama pombe inavyomfunga mlevi. Alipotambua hivyo alijifungia peke yake katika chumba cha hoteli kwa muda wa juma moja, akavumilia maumivu hata akaachana nayo.

Siku hizo mwanamume, tena shujaa, hakutazamiwa kusema kwamba akili yake imeumia. Murphy alisema waziwazi. Askari waliporudi kutoka Korea, na baadaye Vietnam, aliitaka serikali iwaangalie si kwa majeraha ya mwili tu, bali na kwa yale yasiyotoka damu. Kadhalika, alipoishiwa fedha, hata akatangazwa kufilisika mwaka 1968, wenye biashara ya pombe na sigara walitaka kumlipa vizuri akubali jina lake litumike katika matangazo yao. Alikataa, kwa kuwa hakutaka kuwa mfano mbaya kwa vijana.

Tarehe 28 Mei 1971 alipanda eropleni ndogo kwenda Virginia kwa shughuli za biashara. Mvua na ukungu vilikuwa vingi, na eropleni ikagonga mlima karibu na mji wa Roanoke. Wote 6 waliokuwamo walikufa. Alizikwa kwa heshima ya jeshi katika makaburi ya Arlington. Desturi ya hapo ni kwamba jiwe la mwenye nishani ile kuu hutiwa maandishi ya dhahabu. Lake halina, kwa maana alitaka liwe sawa na la askari wa kawaida. Mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa juu yake ni 1924. Kile kiapo cha Corrine kipo hapo hata leo.

Pamela aliachiwa madeni. Akahamia nyumba ndogo, akapata kazi ya ukarani katika hospitali ya askari wa zamani karibu na Los Angeles, akayalipa kidogo kidogo. Alifanya kazi humo kwa muda wa miaka 35. Askari wazee waliochoka kungoja zamu yao walimjua yeye, maana alikuwa akiwashika mkono na kuwapeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa daktari. Alikufa mwaka 2010.