Kompyuta ya Kwanza Nchini na Suala la Lugha Yake



Mvuvi wa Mwanza havui sangara kwa wavu wa dagaa. Vivyo hivyo, anayetaka kuandika programu katika kompyuta kuukuu hana budi kuijua kwanza kazi yenyewe na uwezo wa mtambo, ndipo achague lugha.

Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka huo huo wizara ilitoka kwa Ndugu Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa pamba Usukumani, ikaenda kwa Ndugu Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza. Kumbukumbu ya mtambo wa aina hiyo ilihesabiwa kwa maelfu ya herufi tu.

Zama hizo waandishi wa programu walikuwa na njia kuu tatu. Lugha ya mtambo wenyewe haikula nafasi, lakini mtambo ukibadilishwa kazi ilianza upya. FORTRAN ya IBM, ya mwaka 1957, ilitungwa kwa hesabu za wanasayansi. COBOL, iliyoanza kubuniwa Marekani mwaka 1959, ililenga hesabu za ofisi. Ilisomeka kwa urahisi na iliweza kuhamishiwa mtambo mwingine kwa marekebisho machache. Ila ilidai nafasi zaidi, kwa kuwa sharti ifasiriwe kwanza.

Juu ya hayo kuna swali kubwa zaidi: programu ikikorofisha, nani ataitengeneza? Mapema miaka ya 1970 mpango wa kuingiza hesabu za Serikali katika kompyuta ulikwama na kuleta hasara, nasi tulitegemea mno wataalamu wa kigeni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wengi wa rika letu walimaliza shule bila kuigusa.

Kwa hiyo mwanafunzi akipata mashine kuukuu kama BBC Micro ya mwaka 1981, yenye kilobaiti 32 tu, aanze na BASIC, lugha iliyoundwa kwa wanafunzi huko Marekani mwaka 1964, nayo imo tayari ndani ya mashine hiyo. Panapohitajika kasi, achanganye kidogo lugha ya mtambo. Maelezo ayaandike kwa Kiswahili, ili mwenzake aweze kuendelea.

Nanyi wahitimu wenye vitabu vya zamani vya BASIC au COBOL, msivitupe. Vileteni maktaba ya shule.