Masomo ya bure: muzazi hana tena risiti, lakini bado ana fasi yake katika shule ya musingi

Kwa miaka mingi, pesa ndiyo ilikuwa inaunganisha muzazi na shule. Tangu masomo ya bure yaanze katika mashule ya serkali mwezi Septemba 2019, kamba hiyo ilikatika, na fasi nyingi hakuna kingine kilichowekwa pahali pake. Maelezo haya yanahusu COPA na COGES, vyombo viwili ambavyo vinamupa muzazi sauti katika shule, na namna ya kuvitumia.

Zamani: muzazi alijulikana kwa risiti

Mwanzo wa miaka ya 1990, uchumi wa inchi ulianguka. Mishahara ya walimu ilichelewa, ao ilifika bila thamani yoyote, na walimu wakagoma. Juu ya watoto wasipoteze mwaka, wazazi walikubali kuchanga pesa ili kuongezea mwalimu kitu kidogo. Ilikuwa dawa ya muda mufupi tu. Lakini iliendelea zaidi ya miaka 25, na kila mutu akazoea kuiita « prime ».

Ubaya wa ile prime unajulikana. Mutoto ambaye hajalipa alirudishwa nyumbani, hata siku ya mutihani. Familia yenye watoto sita ilichagua nani asome na nani abaki, na mara nyingi musichana ndiye aliyebaki.

Pamoja na hayo, kuna jambo moja ambalo wengi wamesahau. Muzazi aliyelipa aliweza kuuliza. Mwanzo wa mwaka, shule iliita wazazi ili wasikilizane juu ya pesa, na katika mukutano huo waliongea pia juu ya walimu, viti na choo.

Kile ambacho sheria inasema

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kipengele cha 43, inasema kama masomo ya musingi ni ya lazima na ya bure katika mashule ya serkali. Mashule yanayosimamiwa na makanisa na dini zingine kwa mapatano na serkali yanaingia pia katika hesabu hiyo. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 ilirudilia neno hilo. Lakini utekelezaji ulianza Septemba 2019, wakati wa utawala wa Rais Félix Tshisekedi.

Watoto walifika wengi sana. Madarasa yalijaa, mbao za kukalia hazikutosha, na walimu ambao hawakuwa kwenye liste ya mishahara ya serkali walibaki mikono mitupu. Hapo wazazi wengi walisema: « Sasa ni kazi ya serkali. » Wakaacha kufika. Wakurugenzi wengine nao wakaacha kuwaita, maana hakukuwa tena na pesa ya kuzungumuzia. Hapo ndipo ushirikiano ulivunjika.

COPA na COGES: nani anafanya nini?

COPA ni komite ya wazazi. Wajumbe wake wanachaguliwa na wazazi wenyewe katika mukutano mukubwa, kwa kawaida mwanzo wa mwaka wa masomo. Kazi yake ni kupeleka sauti ya wazazi kwa wakubwa wa shule, na kurudisha habari za shule kwa wazazi.

COGES ni baraza la usimamizi. Ndani yake kuna mukurugenzi wa shule, ambaye analiongoza, wajumbe wa walimu na wajumbe wa COPA. Ni pale wanapanga matumizi ya pesa ambayo serkali inatuma kwa ajili ya kuendesha shule: chaki, makaratasi, matengenezo madogo. Kwa maneno mengine, COPA inasikiliza wazazi, COGES inaamua na kutoa hesabu.

Shida inakuja wakati komite ni ya jina tu: prezidenti wa wazazi amechaguliwa na mukurugenzi mwenyewe, anaitwa kutia sahihi, kisha anaenda. Komite ya namna hiyo haiwezi kulinda mutoto yeyote.

Maswali ambayo muzazi ana haki ya kuuliza

- Wajumbe wa COPA walichaguliwa lini, na nani aliwachagua?
- Pesa ya kuendesha shule ilifika? Ilinunua nini?
- Darasa la mutoto wangu lina watoto wangapi, na mwalimu wake analipwa na serkali?
- Kama mwalimu hayuko, nani anachunga darasa?

Shule isiyo na kitu cha kuficha inabandika hesabu ukutani, kwa lugha ambayo mama wa soko anaweza kusoma ao kusomewa. Karatasi moja ya namna hiyo inapunguza masemi mengi.

Salongo si malipo ya kufichama

Wazazi wanaweza kufanya salongo: kutengeneza choo, kufunga tundu la paa, kuleta muchanga. Wanaweza pia kukubaliana muchango kwa mapenzi yao. Lakini muchango unaolazimishwa, na unaofanya mutoto afukuzwe, ni ile prime ya zamani iliyobadilisha jina. Alama ya kutofautisha ni rahisi: asiyechanga anaona mutoto wake anaendelea kusoma bila haya wala azabu? Kama jibu ni hapana, COPA inapashwa kusema.

Muzazi ambaye hakusoma anaweza kusaidia nini?

Mengi. Huku mashariki, madarasa ya kwanza ya musingi yanatumia Kiswahili kabla mutoto hajaingia vizuri katika Kifaransa. Kwa hiyo muzazi asiyejua Kifaransa anaweza kumuomba mutoto amusomee mistari mitano jioni, amuhesabie chenji ya soko, ao amuelezee kile mwalimu alifundisha. Kufungua kaye kila siku na kuona kama kuna kitu kilichoandikwa leo hakuombi diplome. Kaye yenye kubaki nyeupe siku tatu ni sababu ya kutosha ya kwenda kumuona mwalimu.

Upande wa shule

Mwalimu naye ana kazi yake. Muzazi anayeitwa tu wakati mutoto amekosa ataogopa mulango wa shule. Mukutano wa saa ine za asubuhi unafungia inje mama muuza samaki na baba wa taksi-moto. Mukutano wa siku ya Posho mangaribi unaweza kuwaleta. Na mutoto wa familia iliyokimbia vita, ambaye anafika bila karatasi, anahitaji kupokelewa kwanza. COPA inaweza kusaidia kujua anakaa kwa nani.

Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa mwaka mumoja, mipango mitatu inatosha kwa kuanza: uchaguzi wa COPA mbele ya wazazi wote mwezi Septemba, hesabu ya pesa ukutani kila mwisho wa miezi mitatu, na siku moja ya kupana karatasi za pointi ambapo muzazi anaongea na mwalimu uso kwa uso.