Pesa ya Kusimamisha Nyatiti

Katika Fallout 4, gemu iliyotoka mwaka wa 2015, mzazi anashuhudia mtoto wake mchanga akiibwa. Anatoka kumtafuta, lakini mchezaji akipenda, mzazi huyo atakaa miezi akijenga vibanda na kulima. Mtoto atasubiri tu. Geralt naye, mhusika mkuu wa The Witcher 3 ya mwaka huohuo, huacha kumtafuta Ciri, binti yake wa kulea, akaketi kucheza karata. Hadithi inakuhimiza ukimbie. Dunia iliyoachwa wazi inakuambia utembee upendavyo. Ubishi huo wa wapenzi wa gemu za kuigiza wahusika una wazee wake huku kwetu kando ya Ziwa Victoria.

Jathum, mpiga nyatiti wa Kiluo, alialikwa matangani akiwa na kazi maalumu: kumwimba marehemu, ukoo wake na matendo yake. Nyuzi nane ziko vidoleni, njuga za gara mguuni, na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole cha mguu ikigonga ubao wa chombo. Hata hivyo, msikilizaji aliweza kumkatiza. Anatoa pesa, muziki unanyamaza, naye anajisifu kwa mafumbo: ni mwana wa nani, ameoa wapi, nani athubutu kujilinganisha naye. Hiyo ndiyo pakruok. Akimaliza, nyuzi zinalia tena, kisha mwingine anainuka. Sifa za marehemu zilipinda na kuzunguka kupitia majina ya walio hai, na jathum hakuonekana kupotea njia. Kila kituo kilikuwa kimelipiwa mbele ya watu.

Santuri ndizo zilizobana mambo. Benga, muziki wa gitaa wa Waluo, ya miaka ya 1960 na 1970, ile ya akina Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania aliyefariki Kisumu mwaka wa 2006, iliuzwa kwenye sahani za mizunguko 45 kwa dakika ambazo upande mmoja hubeba dakika chache tu. Wimbo ulikatwa vipande viwili. Ukitaka mwisho wake, geuza sahani. Studioni hamna mgeni wa kuinuka na noti mkononi, kwa hiyo wanabenga wakawataja marafiki na wafadhili ndani ya wimbo wenyewe. Mchepuko ukawa sehemu ya safari.

Watunzi wa gemu walipita njia hizo zote mbili, ya kulipia kituo na ya kuufanya mchepuko uwe sehemu ya safari. Fallout ya kwanza, ya mwaka wa 1997, ilikupa siku 150 za kutafuta kifaa cha mtambo wa maji wa handaki mnamoishi. Zikiisha, umeshindwa. Ila uliweza kuwalipa wafanyabiashara wapeleke maji kwa watu wako, ukaongezewa siku 100. Kwangu mimi hiyo ni pakruok kamili: unanunua kituo, na hadithi inakiri kwamba imesimamishwa. Mwaka uliofuata ilikuja Fallout 2, ikiwa na mganga anayekutokea ndotoni kukuharakisha, lakini saa ile kali ilikuwa imelegezwa mno. Kuanzia hapo, mara nyingi haraka ikabaki maneno matupu.

Baldur's Gate II ya mwaka wa 2000, nayo mwendelezo, ilikuwa janja zaidi. Rafiki yako ametekwa, na anayejua njia ya kumfikia anadai vipande 20,000 vya dhahabu. Huna. Basi unazunguka mji mzima ukifanya vibarua vya watu, na kila kibarua kinahesabika katika kumkomboa.

Kwenye mabanda ya gemu ya Kondele na Nyalenda, mitaa ya Kisumu, hadithi ndefu kama hizi hazipati nafasi kubwa. Huko unalipia mechi au muda, foleni iko nyuma yako, na soka ndiyo inayotawala. Gemu ya saa 100 inamfaa mwenye mashine yake nyumbani, ambaye akisimama, hamna anayemdai hata shilingi.