Utabiri wa Kipupwe: Kanda moja, baridi tofauti Karatu na Ngorongoro

MAMLAKA ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa Kipupwe, yaani miezi ya baridi na upepo wa kusi, kuanzia Juni hadi Agosti. Katika taarifa hiyo nchi hugawanywa kwa kanda, na wilaya za Karatu na Ngorongoro mkoani Arusha huwekwa katika nyanda za juu kaskazini mashariki, pamoja na mikoa ya Kilimanjaro na Manyara.

Mwelekeo huo hausemi Julai 15 kutakuwa na nyuzi ngapi. Hueleza iwapo joto la msimu linatarajiwa kuwa la wastani, juu ya wastani au chini yake, kwa kulinganisha na rekodi za miaka mingi za eneo husika. Hapo ndipo wasomaji wengi hupotea. Pale ambapo wastani wenyewe ni baridi, msimu wa "juu ya wastani" bado ni msimu wa makoti.

Aidha, kanda ni moja lakini ardhi si moja. Ziwa Eyasi liko takriban mita 1,030 juu ya usawa wa bahari, mji wa Karatu karibu mita 1,500, na kingo za kreta ya Ngorongoro huzidi mita 2,200. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi sita katika kila mita 1,000 za kupanda, mkulima wa vitunguu Mang'ola na mfugaji wa nyanda za juu za Ngorongoro hutofautiana kwa nyuzi saba hivi, ingawa utabiri wao ni mmoja.

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukipandishwa na milima hupoa na kuwa ukungu. Ukungu huo hufunika barabara ya kingoni, tena katika miezi ambayo magari ya watalii ni mengi. Upande wa magharibi, kuelekea Olduvai, ni mkavu.

Kwa mkulima wa Karatu, suala zito ni mavuno. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu na huweza kuwa na sumukuvu. Mfugaji naye huhofia ndama wachanga usiku wa baridi. Majumbani, jiko la mkaa likiachwa linawaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua.

Kwa uamuzi wa kuanika mahindi au kuyaanua, mwelekeo wa msimu hautoshi. Unaofaa zaidi ni utabiri wa siku kumi na ule wa kila siku, ambao pia hutolewa na TMA.