Kifyonza Vumbi, Si Kisafisha Ombwe

Istilahi "kisafisha ombwe", inayopendekezwa na wanaotafsiri neno kwa neno jina la Kiingereza la mashine hii ya kuondoa vumbi, inakiuka kanuni ambayo hata mtoto wa shule ya msingi pale Tongaren huifuata bila kufundishwa. Katika majina ya muundo huu kiambishi ki- hutangulia kitenzi, na nomino inayofuata hutaja kinachotendwa: kipaza sauti hupaza sauti, kipima joto hupima joto, kifungua kinywa hufungua kinywa. Kwa hiyo kisafisha ombwe ni chombo kinachosafisha ombwe, yaani nafasi isiyo na chochote ndani yake, hata hewa. Kamati inayoipitisha istilahi ya namna hiyo imeitii kamusi ya kigeni na kuidharau sarufi iliyokabidhiwa kuitunza.

Ombwe lina kazi yake halali katika fizikia, na magazeti yamelizoesha katika "ombwe la uongozi". Hapa halina kazi. Mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alisajili mashine yake mwaka 1901, baada ya kushuhudia nyingine iliyopuliza vumbi na kulitawanya, na ugunduzi wake wote ulikuwa kuugeuza mwelekeo wa hewa: pampu hupunguza kanieneo ndani ya chombo, hewa ya nje ikaingia kwa kasi na kulibeba vumbi hadi kwenye kichujio. Ombwe kamili halipatikani humo hata kidogo.

Wapo pia watetezi wa "kivuta vumbi", ambao angalau wameiheshimu sarufi, lakini kitenzi chao kimebebeshwa kamba, mkokoteni na sigara. Kufyonza ni kwa mdomo. Nyuki hufyonza mbochi na mbu hufyonza damu, na kadiri mdomo unavyokuwa mwembamba ndivyo mkondo unavyopita kwa kasi zaidi, jambo ambalo ndilo siri ya mashine yenyewe. Anayekubali kifyonza vumbi hupata papo hapo jina la vipande vinavyochomekwa kwenye bomba lake, ambavyo ni midomo, wala hahitaji kikao kingine cha wataalamu.

Muundo uo huo unatatua suala la jina la kitu kinachomletea mtu mzio, yaani mwili kukipinga kitu kisichowadhuru wengine. Kukiita "kizio" ni kupora neno ambalo tayari ni nusu ya nazi na kipimo cha hesabu. Kichochea mzio kinatosha na kinajieleza. Kichochea mzio kikubwa cha nyumbani ni kinyesi cha utitiri wa vumbi, mdudu wa takribani milimita 0.3 anayekula magamba ya ngozi ya binadamu, na jina utitiri linajulikana na kila mfuga kuku wa Bungoma na Kitale.

Kwa matumizi ya kifyonza vumbi, kwenye zulia hufaa mdomo wenye brashi inayozunguka, mikunjo ya kochi mdomo mwembamba, mapazia na vitambaa vya kochi brashi laini kwa nguvu ndogo, na godoro mdomo mpana usio na brashi. Kichujio kiwe cha kiwango cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, hasa msimu wa kupukuchua mahindi. Na kwa kuwa utitiri hai hung'ang'ania nyuzi, shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzijoto 60.